Kipengele cha Saba

Watu wa mahakamani humwita Mama Nakala, na jina lake la kuzaliwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Meza yake iko kwenye veranda ya jengo la mahakama, kati ya dirisha la masjala na mlango wa choo cha wageni, mahali ambapo kila mwenye shida ya karatasi lazima apite, atake asitake. Ana kompyuta ambayo herufi za kibodi yake zimefutika zote isipokuwa X, ambayo hakuna anayeihitaji. Ana printa yenye kiburi, na mashine ya fotokopi anayoifunika kitambaa kila jioni kama anayeilaza. Kwa miaka kumi na saba amewaandikia watu madai, majibu ya madai, viapo na barua za kuomba tarehe isogezwe. Mara nyingi amemwandikia mdai asubuhi na mdaiwa wake mchana, wakiwa wamekaa kwenye benchi lilelile, na hakuna hata mmoja aliyejua kutoka kwake mwenzake amesema nini. Makarani husema mdomo wake una kufuli, na kwa hilo hawamsingizii.

Sasa kuna jambo ambalo wachapaji wote wa mahakamani wanalijua na hawalisemi. Hakuna anayeanza kwenye ukurasa mtupu. Atakayekuambia anaanza kwenye ukurasa mtupu anakudanganya mchana kweupe. Mchapaji hufungua hati ya zamani inayofanana na hii mpya, akaihifadhi kwa jina jingine, kisha akafuta majina na kuandika mengine, kipengele baada ya kipengele, mpaka ugomvi wa watu wale unakuwa ugomvi wa watu hawa. Ni njia ya haraka, na kwa miaka kumi na saba haikuwahi kumletea Mama Nakala balaa. Au ndivyo alivyoamini.

Jumanne moja asubuhi alikuja seremala. Ni mtu wa mabega mapana na sauti ndogo, mwenye karakana yake nyuma ya kituo cha mafuta. Miezi minne kabla ya hapo alikuwa ametia saini hati ya maridhiano na mwanamke mmoja mshonaji wa nguo. Kabati alilomtengenezea mshonaji huyo lilimwangukia na kumvunja kifundo cha mkono wa kulia mahali pawili. Mshonaji alisema kabati halikufungwa ukutani. Seremala alisema kabati la nguo halikuumbwa kuwa ghala la marobota ya vitambaa. Walitupiana maneno mpaka mahakama ikachoka nao, ikawapeleka kwa msuluhishi, na huko wakapatana: seremala atalipa gharama za hospitali, atalipa fidia ya kipato kwa mafungu, na atalifunga kabati upya bila malipo. Hati aliichapa Mama Nakala. Siku hiyo ya Jumanne seremala alikuja na hati yake imekunjwa mara nne, akaiweka mezani.

"Mama, niandikie ombi la kubadilisha amri," akasema. "Fidia nalipa, sikatai. Ila hiki kipengele cha saba kinanimaliza."

Mama Nakala akaikunjua hati, akashuka na kidole mpaka chini. Kipengele cha saba kilisema hivi: Mdaiwa atafika nyumbani kwa mdai kila Jumamosi saa nne kamili asubuhi, kumjulia hali na kukaa naye kwa muda usiopungua saa moja, hadi mdai atakapopona.

Hakuhitaji kukisoma mara ya pili, kwa kuwa kila neno la kipengele hicho alilitunga yeye mwenyewe, miaka mitano nyuma, na hakumtungia seremala wala mshonaji. Alimtungia mama yake mzazi.

Mama yake aligongwa na dereva wa gari la mizigo akivuka barabara, akavunjika nyonga. Kesi ikaenda kwa usuluhishi, na Mama Nakala akaichapa hati ya mama yake kwa mikono yake, maana asingemlipa mtu mwingine kufanya kazi anayoifanya yeye. Fidia ilikuwa na vipengele sita vya kawaida. Cha saba alikiomba yeye, akakitetea mpaka dereva akakubali. Alitaka yule bwana amwone yule mwanamke aliyemwangusha, akae mbele yake, amsikie anavyopumua akijaribu kuinuka. Dereva alikuja Jumamosi chache. Baadaye zikaanza dharura, akaumwa mtoto, likaharibika gari, na mwisho hakukuwa hata na sababu. Fidia ililipwa yote hadi senti ya mwisho, lakini yeye hakuonekana tena. Bibi wa watu aliendelea kuogeshwa mapema kila Jumamosi na kuuliza ni saa ngapi sasa. Mwaka wa pili akafariki kwa maradhi mengine kabisa, na Mama Nakala hakwenda kushtaki. Angeshtaki nini, kwamba mtu hakuja kusalimia?

Siku ya kuchapa maridhiano ya seremala alikuwa na foleni ya watu tisa. Alifungua hati ambayo alijua haina kosa hata la nukta, akaandika juu yake. Msuluhishi alimpa rasimu ya mkono yenye vipengele sita. Akafuta sita, akaandika sita. Cha saba kikabaki kimekaa pale chini kama mgeni asiyejua kuaga.

Alimuuliza seremala, kwa sauti aliyoilazimisha iwe ya kawaida, ilikuwaje akatia saini kitu asichokitaka. Seremala akaeleza kwamba siku ile msuluhishi aliwatenganisha, mmoja chumba hiki na mwingine chumba kile, akawa anakwenda huku na huku kubeba maneno yao. Hati iliposomwa mbele ya wote wawili, akajua kipengele hicho kimetoka chumba cha pili. Alikuwa amechoka, na alitaka kurudi kazini, kwa hiyo akasaini. Tangu hapo kila Jumamosi anafunga karakana saa tatu na nusu, siku ambayo wateja wake wote wanataka vitanda vyao vifikishwe. Mkewe anamwuliza huyo mwanamke ni nani hasa. Na hathubutu kukosa, kwa sababu ni amri ya mahakama.

"Njoo Ijumaa," Mama Nakala akamwambia. "Printa mbovu."

Printa ilikuwa nzima, na wakati huohuo ilikuwa inatoa kiapo cha mtu mwingine.

Tangu siku hiyo Mama Nakala hakutulia. Alikuwa akichapa mstari anaufuta. Alifungua mafaili ya miaka mitatu, moja baada ya jingine, akitafuta vipengele vingine vilivyosahaulika kwenye nyumba za watu. Alipata nukta mbili na tarehe moja mbovu, lakini hakupata afueni. Karani wa masjala alimuuliza kama anaumwa, akasema ni joto. Alisoma kila hati mara nne kabla ya kuitoa, mpaka foleni yake ikafika mlango wa choo, na waliokuwa wakienda huko kwa shida zao wakaanza kugombana na waliokuja kwa shida za karatasi. Akifika nyumbani alisoma hata maandishi ya pakiti ya chumvi.

Alimwambia dada yake, anayeishi naye. Dada yake ni mkubwa kwake kwa miaka sita, na hajawahi kumruhusu asahau. Alisikiliza huku anamenya viazi, kisha akauliza kama kuna aliyegundua. Hakuna. Je, kuna aliyekufa? Hakuna. Basi akamwambia afunge mdomo wake, kwani si una kufuli, akaongeza kwamba ile veranda ndiyo inayowalisha wote wawili na msajili hatampa mtu kibali cha meza kwa ajili ya kuchapia watu hukumu za kwake mwenyewe.

"Halafu," akasema dada yake, bado anaangalia kiazi, "angalau mahali pamoja duniani kile kipengele cha mama kinafanya kazi."

Hilo ndilo lililomwingia. Alikuwa akilifikiria mwenyewe na kuliogopa. Kwa sababu kama mtu alikuwa anakwenda kweli, kila Jumamosi, saa nne, basi Mama Nakala alitaka kumwona akienda. Jumamosi iliyofuata, siku ambayo mahakama hufungwa na wateja humfuata nyumbani na karatasi zao za Jumatatu, aliwafungia mlango, akachukua sketi yake iliyombana kiunoni, akaenda kwa mshonaji.

Mshonaji alikuwa amepanga vyumba viwili, cha mbele ndicho cha kazi. Cherehani iko dirishani. Kabati limesimama ukutani likiwa limefungwa kwa boliti nane na vyuma vinne, hata ukuta ungeanguka lingebaki limesimama. Mshonaji ni mwanamke wa rika la Mama Nakala, mwembamba, mcheshi, mwenye utepe wa kupimia shingoni na mkono wa kulia uliofungwa bandeji ngumu. Gauni lake lilikuwa limepigwa pasi, na sakafu ilikuwa bado na unyevu wa kudekiwa. Aliipokea sketi, akaigeuza, akasema kiuno hakijabana, ni mwenyewe uliyenenepa mwenzangu, tusiisingizie nguo.

Saa nne kasoro dakika mbili seremala akaingia na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alipomwona Mama Nakala alishtuka kidogo, akamsalimia, akakaa. Mshonaji akamuuliza za watoto, akajibu nzuri. Akamuuliza za kazi, akajibu tunashukuru. Halafu wakanyamaza, na ilionekana walikuwa wamezoea kunyamaza hivyo. Baada ya muda mshonaji akatandaza kitambaa juu ya meza, akamwambia ashike upande ule. Yeye akawa anakata kwa mkono wa kushoto, polepole, ulimi ukiwa umeshikwa na meno. Seremala aliutazama mkasi unavyokwenda, akasema mstari umepinda. Mshonaji akasema haujapinda. Seremala akautoa utepe shingoni mwa mwenye nyumba bila kuomba, akapima, na mstari ulikuwa umepinda. Mshonaji akacheka kwa sauti, akaurudia. Saa tano kamili seremala aliinuka, akaaga, akatoka kwa haraka ya mtu anayetafutwa. Kama alikuwa amefurahi au amechoka, Mama Nakala hakuweza kusoma, na yeye husoma karibu kila kitu.

Mshonaji aliuangalia mlango mpaka ukatulia.

"Unajua, aliomba mwenyewe," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Mimi sikuomba, na msuluhishi hakumlazimisha, kwa hiyo ni yeye." Alikuwa anakunja kitambaa kwa mkono mmoja na kidevu. "Kulipa, kila mtu hulipa akibanwa. Mimi nilipoanguka na lile kabati juu yangu, nililala pale saa mbili nzima, hakuna aliyeingia. Wanangu wako mbali, majirani wana mambo yao. Sasa mtu aliyeniumiza anasema mwenyewe, nitakuja nikuone. Mkono unauma bado, nisikudanganye. Lakini hasira ilinitoka siku ile hati iliposomwa."

Mama Nakala alisema sketi ataifuata wiki ijayo, akatoka bila kuchukua kipande cha karatasi cha kuidai nguo yake. Njiani aliona aibu ya namna asiyoijua. Kumbe hakumchapia yule mwanamke kosa tu. Alimchapia heshima ambayo hakuna aliyempa.

Sasa akawa yuko kati ya mambo mawili, na kila moja lina meno. Akimwandikia seremala ombi lake, nakala itapelekwa kwa mshonaji kwa mkono, na atasoma kwa maandishi safi ya Mama Nakala kwamba mtu wake amechoka naye na anaomba mahakama imwondolee mzigo. Akisema ukweli, mshonaji atajua kwamba hapakuwa na mzigo wala hiari, palikuwa na mchapaji mwenye haraka. Akinyamaza, seremala ataendelea kutumikia adhabu ya dereva wa gari la mizigo. Ijumaa ile, siku moja kabla ya kwenda kwa mshonaji, alikuwa amemwambia seremala wino umeisha. Jumatatu akamwambia umeme haueleweki. Seremala akamtazama kwa upole, akasema atakwenda kwa mchapaji mwingine, yule wa ng'ambo ya barabara, si kwa ubaya.

Hapo ndipo alipopiga moyo konde. Aliifunika fotokopi saa nne asubuhi, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaenda kugonga mlango wa msuluhishi.

Msuluhishi ni hakimu mstaafu, mtaratibu, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaivua miwani, akaisugua na tai. Alisema siku ile alikuwa na mashauri tisa. Alipofika kwenye kipengele cha saba akadhani kimoja kati ya vyumba viwili kilikiomba na yeye akasahau kukiandika kwenye rasimu. Halafu akakohoa. Alikiri kwamba amekwisha kukisifu kipengele hicho kwenye semina mbili za wasuluhishi wenzake, akakiita kipengele cha utu, na watu wakakinakili.

Aliwaita wote Alhamisi. Chumba cha usuluhishi kina meza moja, viti sita, feni inayolia, na kalenda ambayo hakuna aliyeigeuza kurasa tangu mwezi wa pili. Seremala alikaa karibu na mlango. Mshonaji alikaa wima, gauni lilelile lililopigwa pasi. Msuluhishi alieleza kwa lugha ya kisheria kwamba kumetokea hitilafu ya uandishi, kwamba kipengele kilichotajwa hakikuwa sehemu ya makubaliano, na kwamba kwa ridhaa ya pande zote kinaweza kuondolewa bila kugusa fidia. Alipomaliza hakuna aliyeelewa. Ikabidi Mama Nakala aseme mwenyewe, kwa maneno ya kawaida, kwamba kipengele kilikuwa chake, cha mama yake, na kwamba alikisahau hapo chini.

Seremala ndiye aliyevuta pumzi kwanza. Alimgeukia mshonaji. "Kumbe si wewe uliyetaka?"

"Mimi nilijua ni wewe," akasema mshonaji.

Seremala akainama. Ni mtu mwema, na inafaa isemwe, lakini alikuwa na vitanda vitatu vya kupeleka na mke anayeuliza maswali. Alisema hakuchukia kwenda, si kila mara. Alisema mafungu yaliyobaki atayaleta kwa wakati, na kama kabati litacheza hata kidogo amwite siku yoyote. Akatia saini kwenye nafasi aliyoonyeshwa. Kisha akampa mshonaji mkono, akakumbuka, akabadilisha, akampa wa kushoto.

"Pole sana, mama," akasema, akatoka.

Mshonaji aliishika kalamu kwa mkono wa kushoto na kuiangalia ile karatasi.

"Kwa hiyo hakuna aliyeomba," akasema.

Akatia saini, herufi moja moja. Mama Nakala alitaka kusema pole, akaona neno hilo limekwisha kutumika na mtu aliyetoka sasa hivi. Alimwona mama huyu kama alivyomwona wa kwake, msafi, tayari, na hakuna anayekuja, na safari hii si dereva aliyemfanyia hivyo. Ni yeye.

"Mheshimiwa," mshonaji akasema, "mimi nina dai."

"Juu ya nani?"

"Juu ya huyu." Hakumnyooshea kidole, alimtazama tu. "Jumamosi kumi na sita nimeamka nikadeki, nikavaa, nikamngoja mtu niliyedhani ameamua kuja. Leo naambiwa ni kosa la kuchapa. Kama mkono una fidia, hili halina?"

Msuluhishi akaanza kueleza. Alisema sheria inajua mfupa uliovunjika, inajua kipato kilichopotea, inajua hata maumivu, lakini ili dai lisimame lazima hasara ionekane na ipimike. Alikuwa anaendelea vizuri, kwa sauti ya semina, na mshonaji alikuwa anamsikiliza kwa adabu. Mama Nakala hakusikia nusu yake.

"Nitakuja mimi," akasema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Jumamosi, saa nne. Saa moja, kama ilivyokuwa." Alikuwa amekwisha kuvuta karatasi tupu na kalamu ya msuluhishi, kwa mazoea tu, mkono wake ulikwenda wenyewe. "Niiandike sasa hivi tusaini."

"Usiandike," akasema mshonaji.

"Kwa nini?"

"Ukiandika, sitajua kama unakuja kwangu au unakuja kwa karatasi. Nimeshakaa miezi minne sijui."

Mama Nakala akaiweka kalamu chini. Msuluhishi, aliyekuwa na kidole kwenye muhuri, akakiondoa. Barua ya onyo kutoka kwa msajili ilikuja siku iliyofuata, kali kweli, yenye neno uzembe mara mbili, na aliichapa Mama Nakala mwenyewe kwa sababu mchapaji wa ofisi alikuwa likizo. Meza hakunyang'anywa. Dada yake alisema ana bahati kuliko akili.

Jumamosi ikafika, na ilifika vibaya. Saa mbili asubuhi sebule yake ilikuwa na watu wanne, kila mmoja na karatasi za Jumatatu. Karani wa wakili mmoja alileta bunda la kurasa themanini na kusema bosi atalipa mara mbili. Mvua ikaanza. Printa ikameza karatasi. Saa tatu alijiambia atamaliza hizi mbili kisha ataondoka. Saa tatu na nusu zilikuwa bado mbili, kwa kuwa moja ilikwisha na nyingine ikaingia. Alikuwa anachapa, anaitazama saa, anasimama, anakaa, mpaka mteja mmoja akamuuliza kama kiti kina misumari.

Hakuna karatasi yoyote duniani iliyokuwa inamdai aende. Hilo halikumtoka kichwani. Hakuna muhuri, hakuna saini, hakuna hakimu atakayemwita. Angeweza kwenda Jumamosi ijayo na akawa ameenda tu. Saa nne kasoro dakika kumi alichukua simu chini ya meza, akaandika: Dada yangu, samahani sana, leo nimepata dharura ya kikazi ambayo sikuitarajia, naomba tuonane Jumamosi ijayo panapo majaliwa. Akaisoma. Ilikuwa safi, haina kosa hata moja. Kwa miaka kumi na saba ameandika udhuru wa watu, na huu ulikuwa miongoni mwa bora.

Aliusoma tena, na akamwona yule dereva. Hakumwona mtu katili aliyekuwa akimlaani miaka yote hii. Alimwona mtu amekaa ndani ya gari lake, mzigo umeshapakiwa, mvua inanyesha, simu mkononi, anaandika ujumbe wa adabu na kudhani wiki ijayo ipo. Lilikuwa jambo dogo kiasi hicho. Likamtisha kuliko kama lingekuwa kubwa.

Aliufuta ujumbe herufi kwa herufi, kama anavyofuta vipengele. Akawaambia wateja warudi mchana. Karani wa wakili akasema bosi hataelewa, akamjibu bosi na aje amwambie mwenyewe. Dada yake, aliyekuwa mlangoni na mwavuli, alimkabidhi.

Alifika saa nne na dakika ishirini na tatu, viatu vimejaa maji. Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni, utepe shingoni, gauni limepigwa pasi, na mkono mzuri ulikuwa juu ya kitasa.

"Nilishaanza kujiambia hutakuja," akasema.

"Na mimi," akasema Mama Nakala, "nilishaanza kujiambia hivyohivyo."

Mshonaji akasogea upande kumpisha.